Michoro ya Kufumia Theluji Ikianguka: Tathmini ya Hifadhi ya Handweaving.net

Hapa Minneapolis, katikati ya Desemba, jua huzama saa kumi na nusu jioni, na mtu aliyekulia Tanga hana la kufanya nje baada ya hapo. Kitanda changu cha kufumia, yaani mtambo wa kutengenezea vitambaa, chenye fremu nne za kuinulia nyuzi na makanyagio sita ya kuziendesha fremu hizo kwa miguu, kimekaa sebuleni karibu na dirisha, na kila theluji inapoanza kushika huwa najiuliza swali lile lile: safari hii nifume nini? Kwa misimu mitatu sasa jibu nimekuwa nikilipata Handweaving.net, hifadhi ya mtandaoni iliyoanzishwa na Kris Bruland, ambayo ina michoro ya ufumaji (karatasi za miraba zinazoonyesha kila uzi upite wapi) zaidi ya 70,000, ya kale na ya sasa, pamoja na vitabu na majarida ya zamani yaliyopigwa picha ukurasa kwa ukurasa.

Miongoni mwa waliochangia utajiri huo ni marehemu Ralph Griswold, profesa wa sayansi ya kompyuta wa Chuo Kikuu cha Arizona, aliyefariki mwaka 2006. Katika miaka ya 1960 alishiriki kubuni SNOBOL, lugha ya programu ya kushughulikia mifuatano ya herufi, na uzeeni akageukia nyuzi. Mfumaji hawezi kulishangaa hilo, maana mtande, yaani nyuzi zinazonyooshwa kwa urefu kitandani, wenyewe ni mfuatano: uzi huu unapita fremu ya kwanza, unaofuata fremu ya pili, na kila mshindio, yaani uzi wa kukatiza, unapopita, kila uzi ama umeinuka ama umelala.

Kinachonifanya niisifu hifadhi hii si wingi wa michoro, kwa sababu wingi peke yake humchosha mtu. Sifa yake ni kwamba unaweza kutafuta kwa kutaja idadi ya fremu na makanyagio uliyonayo, ukaachana na maelfu ya michoro inayohitaji fremu nane, kumi na sita au zaidi, ambayo kwa mtu kama mimi ni ya kutazamwa tu. Desemba iliyopita niliomba michoro ya fremu nne, nikachagua mmoja wa mshazari (ufumaji wa mistari ya kihanamu) unaokwenda na kurudi: nyuzi zinatungwa kwenye fremu ya 1, 2, 3, 4, 3, 2, kisha zinaanza upya. Ukikanyaga kwa mpangilio ule ule uliotungia, mishazari inakutana na kitambaa kinajaa vijialmasi. Ukikanyaga kwa kwenda mbele tu, vinapotea na kuwa mawimbi. Mtande mmoja ukanipa mataulo manne ya jikoni, na hakuna mawili yaliyofanana. Nilitumia uzi wa pamba, nyuzi nane kwa kila sentimita, upana wa sentimita 50, yaani nyuzi 400 za kutunga moja moja kwenye vitanzi vya fremu. Karibu na uzi wa mia mbili nilisinzia nikaruka fremu ya tatu, na mstari wa kosa hilo ukapita katikati ya mataulo yote manne. Mchoro niliouchapisha na kuubandika ukutani ulikuwa sahihi kabisa. Mwenye kosa ni mimi.

Vitabu vya zamani vina ugumu wake. Vingi ni vya Kiingereza, Kijerumani au Kifaransa, na walioviandika katika karne ya 19 walikuwa wakizungumza na mafundi wa viwandani, kwa hiyo hawajisumbui kueleza jambo ambalo fundi alilijua tangu uanagenzi. Mimi hupita maneno nikaenda moja kwa moja kwenye miraba, kwa kuwa miraba haina lugha, kisha pembeni ya karatasi naandika kwa maneno yetu: mtande, mshindio, kitanda cha mfumi. Inanisikitisha kidogo kwamba maneno haya, ambayo pwani yetu iliyatumia ilipokuwa ikifuma pamba yake yenyewe, leo wengi hawayajui, na ukisema unafuma watu hudhani ni sweta au vitambaa vya makochi.

Michoro inaweza pia kupakuliwa katika faili za WIF, aina ya faili za kuhifadhia michoro ya ufumaji, ambazo programu nyingi za ufumaji huzisoma, ukabadilisha rangi kwenye kompyuta kabla ya kununua uzi. Hilo limeniokolea fedha zaidi ya mara moja.

Hata hivyo, anayeanza kabisa nisingempeleka huko kwanza. Hifadhi hii inakupa mchoro; haikufundishi kutanda nyuzi wala kuzikaza zisilegee upande mmoja, na mwenye kitanda kidogo cha mezani chenye kitana kimoja (kichanio cha kupitishia nyuzi) badala ya fremu ataambulia michoro michache sana, kwa kuwa kitana hicho hufanya kazi ya fremu mbili tu. Huyo afume kwanza skafu mbili tatu za ufumaji wa kawaida, juu moja chini moja, na atakapopata fremu nne aingie humo jioni moja ya baridi akiwa na chai ya tangawizi na karatasi ya miraba.