Sonara wa nyuma ya Soko Kuu Mtwara, nimempelekea sarafu za Kijapani za nyumbani

Habari zenu wana Mtwara na majirani zetu wa Lindi. Naandika hii kwa yeyote mwenye sarafu za zamani za fedha ndani, zile zenye maandishi ambayo wengi tunaishia kuyaita ya Kichina, mana mimi nilikuwa nazo tatu na nimezunguka nazo karibia mwaka mzima bila mtu wa kunambia ukweli, mpaka nilipompata huyu mzee sonara. Kibanda chake kiko mitaa ya nyuma ya Soko Kuu, hana kibao, ukiwauliza kina mama wa vitenge watakuelekeza. Jina lake siweki, aliniomba.

Ya kwanza ni ndogo, ilikuwa kwenye kopo la bibi kule Mikindani. Babu yetu alikuwa Keya, yani askari wa King's African Rifles la Waingereza, akapelekwa Burma kupigana na Wajapani, 1944 wenzake wa Afrika Mashariki walikuwa bonde la Kabaw, na bibi siku zote alisema hiyo hela babu alirudi nayo toka vitani. Wajomba walikuwa wanabisha, wanasema ni hela ya juzi juzi ya duka tu. Ya pili ni kubwa ina joka, ya mama, imeunganishwa kisikio cha kupitishia mkufu. Ya tatu nayo ina joka, nilinunua mwenyewe laki na nusu kwa jamaa aliyeniapia kwamba ina miaka mia tatu. Kabla ya hapo nilishapita duka moja mji mwingine, wakaziweka zote tatu kwenye mzani kwa pamoja wakanitajia bei ya kuyeyusha, hata kuzigeuza upande wa pili hawakuzigeuza. Iliniuma sana.

Sasa huyu mzee. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mjukuu wangu, akatandika kitambaa cheusi mezani akaniambia nizipange mwenyewe yeye asizishike kwanza. Akatoa sumaku iliyofungwa kwenye uzi. Ya bibi haikustuka, ya mama haikustuka, ile ya laki na nusu ikaruka ikang'ang'ania sumaku palepale. Fedha haivutwi na sumaku mjukuu wangu, ndo alivosema, kwa sauti ya taratibu kabisa. Akaipima hata hivyo ili niridhike, gramu 19. Yen moja halali ya fedha, ndo hiyo sarafu ya Kijapani yenye joka, inatakiwa iwe na gramu 26.96, fedha asilimia 90, upana milimita 38 na ushee, na yeye namba hizo amezibandika ukutani kwenye kadibodi. Afu kuhusu miaka mia tatu akanionyesha kitu ambacho ningekuwa nakijua nisingelizwa: chini ya joka pameandikwa ONE YEN kwa herufi za kizungu, na sarafu za yen za mwanzo kabisa zina mwaka 1870, kabla ya hapo Wajapani walikuwa na vipande vya fedha vya mstatili, sio duara lenye joka na kizungu. Kwahiyo mtu akikwambia joka la ONE YEN ni la 1700 hapo huna haja hata ya sumaku.

Ya mama ndo aliikalia muda mrefu. Mzani ukasoma 27.3, nikaogopa, akanambia subiri, hicho kisikio na risasi yake ya kuungia vina uzito wao. Akaweka kikombe cha maji juu ya mzani, akaurudisha mzani kwenye sifuri, afu akaining'iniza sarafu kwa uzi ndani ya maji isiguse chini wala pembeni. Mzani ukapanda ukasoma 2.65. Akagawa 27.3 kwa 2.65 kwenye simu yake, ikaja 10.3, na hiyo ndo fedha ya asilimia 90 inapotakiwa kuwepo. Nilimwomba arudie, akarudia, majibu yaleyale. Kwa kioo chake akanionyesha pia vialama vidogo vitatu vimegongwa karibu na mkia wa joka, mimi siku zote nilidhani ni watoto wameigonga msumari. Kumbe wafanyabiashara wa Kichina walikuwa wakishaikagua hela ya fedha wanaigonga muhuri, na hizi yen zilitembea sana China na kusini mashariki mwa Asia.

Kwenye kusoma mwaka, mzee Kijapani hakijui na hajifichi. Ana karatasi ameipigia plastiki, ina namba za Kijapani moja mpaka kumi na majina ya watawala watatu: Meiji 明治, Taisho 大正, Showa 昭和. Moja ni mstari mmoja wa kulala, mbili miwili, tatu mitatu, kumi ni msalaba kama alama ya kujumlisha. Mpwa wangu alishajaribu nyumbani ikamshinda kwasababu alianzia kushoto, na sarafu zao za kabla ya vita zinasomwa kulia kwenda kushoto. Mzee akacheka akasema kama msahafu tu. Ukilikuta neno la mwaka 年 liko kushoto ujue hapo ndo mwisho wa sentensi. Ya mama ikasomeka Meiji tatu kumi sita, yani makumi matatu na sita, 36. Meiji unajumlisha 1867, inakuja 1903. Taisho unajumlisha 1911, Showa 1925.

Afu ya bibi. Hapo akanipa mimi kioo nisome mwenyewe, mkono ulikuwa unanitetemeka. Ndege wawili wametazamana upande mmoja, sen 50 yani nusu yen, mzani gramu 4.9, upana milimita 23.5, hizi zilitoka kuanzia 1922 mpaka 1938 na fedha yake ni asilimia 72. Nikaanzia kulia: Showa, kumi, mwaka. 1925 na kumi, 1935. Yani ilikuwa tayari na miaka tisa babu alipokuwa Burma, ingeweza kabisa kuwa mfukoni mwa askari wa Kijapani. Haithibitishi kwamba alitoka nayo kule, ila wale wanaobisha kwa kusema hela yenyewe ni ya juzi wamekosa pa kusimamia. Nililia palepale kwenye benchi sioni aibu kusema.

Kasoro zipo. Anachukua muda, nilikaa saa mbili na nusu na watu wa kubana hereni na kukata pete wanaingia katikati. Risiti hatoi, kaniandikia vipimo kwenye kipande cha daftari. Na bei ya soko ya wakusanyaji haijui, atakwambia thamani ya fedha tu, ila alinionya kwamba kile kisikio kimeshaishusha ya mama kwa wakusanyaji na nisithubutu kukibandua. Alinionya pia nisiisugue ya bibi kwa jivu wala dawa ya meno, ule weusi niuache.

Alichukua elfu tano kwa zote tatu na hakunishawishi kuuza hata moja, wala hakuniuliza nilinunua kwa nani. Nampa nyota nne na nusu. Nendeni asubuhi mapema, Ijumaa anafunga saa sita kwenda msikitini na akirudi harudi kwenye mzani, anafanya kazi za pete tu. Msimu wa malipo ya korosho foleni inakuwa ndefu, mbebe maji ya kunywa.