Zoom F3: mwaka mzima mkobani, kanisani Moshi na migombani Uru

Pasaka ya mwaka juzi nilirekodi ibada ya alfajiri katika usharika mmoja hapa Moshi. Jioni ya mazoezi kwaya iliimba taratibu, nikapandisha gaini, yaani kiwango cha kukuza sauti, mpaka nikawa nasikia pumzi za akina mama wa sauti ya kwanza. Asubuhi, bado giza, bendi ya tarumbeta ikaingia kwa mlango wa nyuma. Pumzi ya kwanza tu, kinasa sauti nilichokuwa nacho kikawaka taa nyekundu, na zile dakika tano za mwanzo, ambazo ndizo zilizotakiwa hasa, zikapasuka zote. Mwalimu wa kwaya alisikiliza faili lote kimya, halafu akaniuliza kwa upole kama kuna namna ya kurudia. Ibada ya Pasaka ningeirudia vipi?

Baada ya hapo nikaanza kudunduliza, nikaagiza kinasa sauti cha Zoom F3 kwa mtu aliyekuwa anashuka kutoka Nairobi kupitia Namanga. Ni kasha dogo linalokaa kiganjani, na pamoja na betri zake mbili za AA halifiki robo kilo. Lilitoka 2022. Lina milango miwili ya XLR ya kuchomekea maiki, umeme wa fantomu wa volti 48 unaolisha maiki kupitia kebo, na halina kitufe cha gaini. Kila anayelishika hugeuzageuza akikitafuta.

Sababu iko ndani. Kila mlango una vigeuzi viwili vya kugeuza sauti kuwa namba: kimoja hushughulika na sauti ndogo, kingine na sauti kubwa, kisha kazi yao inaunganishwa katika faili la biti 32 za floti, yaani namba ambazo pointi yake huhama kufuata ukubwa wa sauti. Faili la biti 24 lina nafasi ya desibeli 144 hivi, nawe unatakiwa ukisie mapema wimbo utaanguka wapi ndani ya nafasi hiyo. La floti linapita desibeli 1,500. Hakuna tarumbeta wala radi ya mlimani itakayolijaza. Ukifika nyumbani unalifungua kwenye Audacity, programu ya bure, unapandisha palipozama na kushusha palipofura, na mawimbi yanarudi mazima.

Lakini mtu asikudanganye kwamba sauti haiwezi kupasuka tena. Maiki ina kikomo chake. Ukiiweka mdomoni mwa tarumbeta ikazidiwa, mpasuko umeshatokea kabla haujafika kwenye kebo, na floti haiwezi kuurudisha nyuma. Pasaka ya mwaka huu, pamoja na F3 yangu, stendi niliisimamisha hatua kumi kutoka kwa bendi. Nikapata kila kitu, hata kikohozi cha mzee wa kanisa.

Hata hivyo, nilikoipendea hasa si kanisani. Ni Uru, njia ya Materuni, kwa bibi yangu mzaa baba. Bibi ana sauti ndogo sana, na nimekuwa nikimrekodi akisimulia kwa Kichagga cha kwao jinsi zamu za maji ya mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia, zilivyogawanywa, nani alifungua alfajiri, nani alipigwa faini kwa kuiba maji ya jirani. Hapo ndipo ubora wa priampu, sehemu inayokuza sauti ya maiki, unapojulikana, kwa sababu sauti ndogo inadai kupandishwa sana, na ukipandisha unapandisha na mvumo wa mashine. Rekodi zangu za zamani zilikuwa na mchirizo kama mvua ya mbali juu ya bati. Mvumo wa F3 umetajwa kuwa dBu -127 (namba ikishuka zaidi, mvumo ni mdogo zaidi), na fizikia yenyewe kwa maiki ya omu 150 hairuhusu kushuka sana chini ya -131. Kwa hiyo sasa namsikia bibi, nasikia kikombe kinavyowekwa mezani, na nyuma yake mfongo wenyewe ukipita.

"Mjukuu wangu, hako kadude kanasikia kweli?"

"Kanasikia, bibi. Endelea."

Alipofika kwa mwanawe aliyefariki mdogo, sauti ilishuka karibu na mnong'ono. Zamani ningeinamia mashine kutafuta levo. Safari hii mikono yangu ilikuwa mapajani na macho yalikuwa kwake. Kwangu mimi hiyo peke yake inalipa bei, ambayo mwanzoni ilikuwa karibu dola 350.

Fantomu hula betri, ndivyo ilivyo kwa mashine yoyote ndogo. Mimi huchomeka pawabenki kwenye tundu la USB-C na siku inaisha bila wasiwasi. Kwa stereo ya kHz 48, saa moja ni karibu GB 1.4 kwenye kadi ya microSD.

Milango miwili ni miwili. Ukiwa na wazee wanne barazani, kila mmoja na maiki yake, tafuta Zoom F6 yenye milango sita. Anayependa vitufe vya kuzungusha, na ana mfuko mzito, kuna MixPre-3 II ya Sound Devices, nayo ya floti, yenye milango mitatu. Anayefanya kazi peke yake kama mimi, sauti moja au kwaya moja kwa stereo, achukue F3, na chenji anunue kizuia upepo cha manyoya. Kule migombani upepo huanza saa nane mchana, na majani makavu ya migomba yana kelele kuliko unavyodhani.