Matairi ya A/T (all-terrain, ya lami na matope), Barabara ya Kirinyaga, Nairobi
Duka la kwanza walitaka kuniuzia matairi yanayong'aa kama viatu vya harusi. Nikainama na tochi ya simu, nikasoma tarakimu nne ubavuni: 1419. Yalitengenezwa wiki ya 14, mwaka 2019! "Mzee, tairi haliozi," kijana akaniambia. Nikaondoka.

Duka la pili, barabara hiyohiyo, waliniacha niyakague yote manne, 265/65R17, saizi ileile ya Prado yangu. Kufunga na kubalansi, saa moja. Chai juu yao. Kwenye lami ya Thika Road yanavuma kidogo, mke wangu ameshalalamika. Lakini Jumamosi, kwenye matope meusi ya Kitengela, nilipunguza upepo wa matairi kutoka PSI 32 hadi 25, nikapita polepole. Probox ya jirani tuliifuata baadaye kwa kamba.