Datsun yenye bodi iliyogoma kukaa, na duka lililoniambia nimpelekee mume wangu

Msinunue modeli za magari za kuunganisha kwenye lile duka la midoli na zawadi nililonunua mimi, huku mjini. Jina silitaji. Nasema hivi tangu mwanzo ili mwenye haraka apate jibu lake, halafu mwenye nafasi akae nimweleze, maana hasira hii ninayo tangu kabla ya Ramadhani na mpaka leo haijapoa.

Nilinunua Datsun 240Z ya kipimo cha 1/24, yaani ndogo mara 24 kuliko gari halisi. Ile nyekundu yenye boneti nyeusi na namba 11 mlangoni, gari la Edgar Herrmann aliposhinda mbio za magari za Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1971. Miaka miwili baadaye, 1973, Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, naye akashinda kwa 240Z. Baba yangu majina hayo anayataja mpaka leo kama wengine wanavyotaja wachezaji wa Simba na Yanga. Nilitaka kumtengenezea yeye. Bei ilikuwa laki na ushee, nikalipa bila kulalamika kwa sababu vitu hivi hapa Dar havipatikani ovyo.

Nyumbani nikaosha vipande vyote kwa sabuni ya vyombo, maana plastiki hutoka kiwandani na mafuta ya kalibu (umbo linalomiminiwa plastiki) na rangi haishiki juu yake. Nikasubiri vikauke, nikashikiza bodi kwenye chasisi kwa tepu tu. Hiyo ndiyo kawaida yangu: gundi haifunguliwi kabla sijaona kila kitu kinakaa. Gari likasimama kwa magurudumu matatu. La nne, nyuma kulia, likabaki hewani. Nikiibana bodi nyuma, mbele inanyanyuka. Boneti nayo ilikuwa imegusa upande wa dereva, upande wa pili ina ufa ambao kucha inaingia. Kwenye gari hili ufa wa namna hiyo haufichiki, kwa sababu boneti ya 240Z ni ndefu mno na nyeusi inakutana na nyekundu mstari mzima. Jicho linakwenda hapo kwanza.

Nikarudi dukani na boksi, risiti na picha kwenye simu. Kijana wa kaunta hakuligusa hata boksi.

"Dada, umeibandika vibaya."

Nikamwambia sijaibandika. Nikamwonyesha chupa ya gundi, kizibo hakijatobolewa. Akamgeukia mwenzake, akasema kwa sauti ili nisikie: "Ndiyo maana haya mambo tunawaachia wanaume." Kisha akanirudia mimi: "Mpelekee mumeo, au kaka yako. Hiyo ni kufitisha tu."

Nimejenga modeli tangu niko sekondari. Nikanyamaza, nikamfuata mama mwenye duka aliyekuwa amekaa nyuma. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba macho yakiwa kwenye simu, akasema bidhaa ikishafunguliwa hairudi. Sasa mtu atajuaje bodi imepinda bila kufungua boksi? Nilimuuliza hivyo hivyo, kwa adabu. Hakujibu.

Wakati natoka ndipo nikaona kilichoipindisha. Maboksi ya modeli wameyapanga kwenye kioo cha mbele, jua la mchana linayapiga moja kwa moja, na ya chini yamebebeshwa ya juu. Vifuniko vya upande wa jua vimepauka mpaka nyekundu imekuwa waridi. Plastiki ya modeli ni polistirini. Inalainika karibu na nyuzi joto 100, lakini ukiiweka kwenye joto kwa muda mrefu huku ina mzigo juu yake, inapinda taratibu kabla ya kufika huko. Nyuma ya kioo, kwa jua letu la Januari na Februari! Halafu mimi ndiye sijui kubandika.

Basi nikaamua kuinyoosha mwenyewe, na hapa nataka kueleza vizuri kwa sababu wapo wenzangu watakaokutana na bodi kama hii wakakata tamaa.

Kwanza nilitafuta inapogusa. Bodi ikigoma kushuka, mara nyingi chasisi haina kosa, ni lile beseni la ndani lenye viti na dashibodi linaloisukuma bodi juu. Nilichukua wanja, nikapaka kingo zote za juu za beseni, nikaishusha bodi polepole na kuinyanyua. Palipogusa pakaacha alama nyeusi ndani ya bodi: karibu na dashibodi, na sehemu moja nyuma ya mlango wa kulia. Nikasugua kwa tupa ndogo palepale tu, nikapaka wanja tena, nikajaribu tena, mpaka alama zikaisha. Msikate kwa kukisia. Plastiki ukishaitoa hairudi.

Baada ya hapo, ule msokoto wenyewe. Niliandaa beseni la maji ya moto ambayo mkono hauwezi kukaa ndani lakini hayachemki, nikaizamisha bodi kwa mwiko wa mbao, nikaitoa na kuisokota kinyume cha ilivyopinda, nikipitiliza kidogo kwa sababu inarudi. Hapohapo kwenye maji ya baridi, nimeishikilia. Ni kazi ya kurudia kidogo kidogo. Anayetaka kumaliza kwa mara moja ataivunja nguzo ya kioo cha mbele, ndiyo nyembamba kuliko zote. Kingo za chini ya milango zilikuwa zimeingia ndani, kwa hiyo nilikata kibao chenye upana wa chasisi, nikakiweka katikati, nikafunga kwa raba bendi juu ya kipande cha kioo cha meza, nikaiacha ilale hivyo usiku kucha. Kioo ni muhimu. Meza yangu ya mbao haijanyooka, ingenidanganya.

Boneti ndiyo iliyonichosha. Nilikuwa nimeshika puti, ile lipu ya kuzibia bodi za magari, mkononi niuzibe ule ufa, lakini kwanza nikashuka Gerezani, kule kwa mafundi wa magari, kutafuta msasa wa maji. Fundi mmoja wa bodi, mtu mzima, akaniuliza nanyoosha gari gani. Nikatoa boksi kwenye mkoba. Hakucheka. Aliishika ile bodi kwa vidole viwili, akaiangalia kwa jicho moja kutokea nyuma kwenda mbele kama anavyoangalia Noah iliyogongwa, akasema: "Mwanangu, usipige puti kitu ambacho hakijanyooka. Sogeza kwanza, ukishindwa ndiyo uzibe." Akanichagulia namba 600 na namba 1000, akakataa kunizidishia bei. Nilimshukuru mpaka akaona aibu.

Na alikuwa sahihi. Upande uliogusa niliusugua kidogo, boneti ikahamia upande wa pili, ufa wa huko ukapungua zaidi ya nusu. Uliobaki niliujaza kwa plastiki yenyewe: zile fremu zinazoshikilia vipande nilizikata vidogo, nikaziyeyusha kwenye kichupa cha tina, ile ya kuchanganyia rangi, mpaka zikawa uji mzito, nikapaka ukingo wa boneti. Ikikauka kabisa (msiharakishe, inataka siku kadhaa) inasuguliwa sawasawa na bodi kwa sababu ni kitu kilekile. Nikaacha nafasi ya unene wa karatasi pande zote, maana praima (rangi ya kwanza ya chini) na rangi yenyewe zinaongeza unene, na boneti inayoingia vizuri kabla ya rangi inaweza kukwama baada yake.

Sasa gari limesimama kwa magurudumu manne juu ya kioo. Karatasi haipiti chini ya hata moja. Na hapa niseme ukweli hata kama unapingana na nilichoandika juu: modeli yenyewe ni nzuri sana. Viti vina mishono, stika za rali zimelala bila kukunjamana, taa za ziada za mbele zimetoka safi kabisa. Aliyechonga ile kalibu anaijua 240Z. Baba aliishika kwa mikono miwili, akataja Herrmann, akataja Mehta, akaanza hadithi ya tope. Kwa hiyo kusema msinunue kabisa nimezidisha. Nunueni, ila fungueni boksi mbele ya muuzaji, wekeni bodi juu ya kioo cha kaunta, tazameni kama imekaa. Akikataa, ondokeni.

Nilikuwa nimeshaanza kulegea hivyo, nikafikiri hata kuwapa maksi za katikati. Juzi wakanitumia ujumbe. Wameona picha niliyoiweka kwenye stetasi, wanaomba niwaazime gari walipange kwenye kioo cha mbele livutie wateja. Hakuna pole, hakuna samahani, hakuna neno kuhusu siku ile. Nikawajibu kwamba gari la baba haliwekwi juani, na nikawauliza mambo mawili: lini wataondoa yale maboksi pale kwenye kioo, na yule kijana bado anawaambia wanawake wapeleke kwa waume zao?

Alama za bluu zimetokea. Jibu sijapata. Narudi nilipoanzia: pale dukani msinunue.