Wakili aliyenifundisha kodi, risiti akaninyima

Nianze na hili ili mtu asisome nusu akadhani nimetapeliwa: ushauri nilipata, tena wa maana. Lakini hasira ninazo mpaka leo, na mume wangu anaponiambia niachane nayo ndiyo zinazidi.

Nina kaduka ka vifaa vya kushonea hapa Moshi mjini, upande wa Mbuyuni. Nyuzi, zipu, bitana, vifungo. Mzee mwenye fremu ninayopanga alitaka kupandisha kodi ya pango, akaniletea mkataba mpya wa kurasa mbili aliochapisha stationari. Jirani yangu akaniambia usisaini, kawaonyeshe wanasheria kwanza. Kuna ofisi moja ghorofani, jina silitaji, pale chini kwenye ngazi wamebandika tangazo: ushauri wa kisheria kwa wafanyabiashara wadogo. Wadogo ndio sisi. Nikapanda.

Kumwona wakili ni elfu 50, unalipa kabla hujakaa. Dada wa mapokezi akanitajia namba ya simu ya kulipia. Jina lililotokea kwenye simu lilikuwa la mtu, siyo la ofisi. Nikaliona, nikalipa.

Wakili mwenyewe ni kijana, na mkataba aliusoma kweli, mstari kwa mstari, penseli mkononi. Akaniuliza kama biashara nimesajili. Nikamwambia ndiyo wakili, jina la biashara, BRELA, elfu 20. Akasema vizuri mama, ila jina la biashara si kampuni. Duka likidaiwa unadaiwa wewe, mpaka kiwanja chako cha Pasua. Wengi wetu tunakitundika kile cheti ukutani tukidhani ni kinga.

Kisha akafika kifungu cha saba, akapiga mstari: "Kodi na tozo zote za serikali zitalipwa na mpangaji." Hapo ndipo nilipofunguliwa macho. Mfanyabiashara anayelipa pango anatakiwa akate asilimia 10 apeleke TRA, mamlaka ya mapato, inaitwa kodi ya zuio, halafu kinachobaki ndicho anachompa mwenye nyumba. Fremu ya laki 3 kwa mwezi, elfu 30 inakwenda TRA, yeye anapokea laki 2 na 70. Hiyo ni kodi yake, wewe ni mpelekaji tu. Lakini usipoikata, TRA wanaweza kuja kukudai wewe. Na ukisaini kifungu kama kile, mzee anachukua laki 3 yake kamili, elfu 30 unaitoa mfukoni mwako kila mwezi. Akanieleza na ushuru wa stempu, asilimia 1 ya pango la mwaka, kwamba mkataba usiolipiwa stempu ukifika nao mahakamani haupokelewi kuwa ushahidi mpaka ulipiwe na faini juu. Ilani ya kuhama, ambayo mzee aliandika siku saba, akaibadilisha iwe miezi mitatu.

Jamani, nilifurahi. Kuandika mkataba upya ni laki na nusu nyingine, nikalipa bila kunung'unika, kwa namba ile ile.

Basi nikaomba risiti.

"Risiti ipi, mama?"

Ya mashine ya EFD, wakili, ile inayotambuliwa na TRA. Hii ni gharama ya biashara, naiweka kwenye mahesabu yangu. Akamtazama dada, dada akatazama dirisha. Mashine iko kwa fundi. Nikasema sawa, nitarudi. Niliporudi, mtandao hauko. Siku nyingine mwenye funguo ya kabati amekwenda Arusha. Mwishowe yeye mwenyewe akatoka ofisini kwake, mbele ya wateja waliokaa kwenye benchi, akasema: "Mama, ukitaka risiti tunaongeza VAT, asilimia 18. Utaiweza? Na hapa si Mbuyuni, hatubishani bei."

Hapa si Mbuyuni! Mimi wa Mbuyuni natoa risiti hata ya zipu moja, kwa sababu mteja wangu akikamatwa hapo nje hana risiti, faini inanikuta na yeye inamkuta. Huyu aliyenipigia mstari wa penseli kwenye kodi ya mtu mwingine, ya kwake anaificha kwenye simu ya sijui nani. Na mawakili wanatakiwa kujisajili VAT hata kama mauzo yao ni madogo, hawana kisingizio cha kutofikia kiwango cha mauzo kama mimi.

Sasa niseme haki. Mkataba ulifanya kazi. Mzee alinuna, akaniuliza nimetumwa na nani, lakini alisaini. Baadaye akaja na mpangaji mwingine mwenye hela zaidi, akitaka nihame mwisho wa mwezi. Nikamfungulia ukurasa wa pili, miezi mitatu, saini yake hiyo hapo. Akaondoka na mtu wake. Na chini kabisa wakili ameandika jina lake na anwani pale penye "Imeandaliwa na", kama sheria inavyotaka. Vishoka wa pale nje ya mahakama hawaandiki. Kwa hiyo kazi yake ni nyota tano. Nilitaka kuandika nne kwa jumla. Nimelikumbuka lile benchi la wateja, naandika mbili.

Ukienda, omba kuona cheti chake cha uwakili cha mwaka huu, kinahuishwa kila mwaka. Uliza risiti kabla hujatoa simu mfukoni. Kama hela huna kabisa, wapo wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na sheria ya msaada wa kisheria ya 2017, hawalipishi, ingawa mahakamani hawakusimamii.

Nikiwa naandika haya, dada wa mapokezi amepiga. Mashine imepona, nipeleke elfu 36 ya VAT nichukue risiti yangu. Nimemwambia laki 2 mlizopokea ndiyo bei mliyonitajia, VAT itoeni humo humo. Amekata simu.

Nyota moja.