Mwaka mmoja kwenye nusu chumba cha kasisi, Suffolk

Nimekaa mwaka na miezi miwili fleti ya chini kwenye nyumba ya zamani ya kasisi wa Anglikana huku Suffolk, Uingereza, imekatwa fleti nne, na naandika hii sababu nilipokuwa natafuta nyumba sikupata mtu wa kuniambia ukweli.

Kwa nje aisee utatoa hela hapohapo. Matofali mekundu, mlango katikati, madirisha marefu kushoto na kulia yamelingana kama mtu kapiga rula. Usishangae kasisi wa kijijini kupata jumba hivi, enzi hizo yeye ndo alikuwa anakula fungu la kumi la mazao ya parokia na shamba la kanisa juu yake, halafu 1776 ikatoka sheria ya kuwaruhusu wakope kwa dhamana ya mapato hayo wajenge. Karne ya 20 kanisa likaona kuzitunza na kuzipasha joto ni mzigo, likauza nyingi.

Sasa ingia ndani. Sebule yangu ni nusu chumba, sio utani, ile nakshi ya plasta inayozunguka dari inakuja vizuuri na majani yake halafu inazama kwenye ukuta wa jipsamu, inayobaki iko kwa jirani. Lile ua la katikati ya dari nimepata robo. Mzee wa upande wa pili kapata meko ya marumaru, mimi nina hita, na akikohoa tu namsikia.

Madirisha ni ya kupandisha na kushusha, ndani ya fremu kuna vyuma vizito vimefungwa kamba ndo vinabeba uzito, mwezi wa pili kamba moja ikakatika dirisha likashuka kama panga, vidole viliponea chupuchupu. Kioo ni cha tabaka moja tu, baridi inaingia inavyotaka, na nyumba inalindwa kisheria kama jengo la kihistoria, daraja wanaloita Grade II, kwahiyo kubadilisha dirisha mpaka kibali cha halmashauri.

Unyevu nao, mh. Kuna fundi zamani alijazia simenti katikati ya matofali badala ya chokaa, maji yakiingia hayatoki, ukuta wa chumbani ukaota ukungu. Mwenye nyumba miezi mitano ananiambia nifungue madirisha. Januari!

Kilichoniokoa ni yule mzee. Alikuja akagonga mbao za pembeni ya dirisha, zikalia kama kuna uwazi nyuma yake, akachukua kisu akakata rangi iliyokauka kwenye upenyo, akavuta, ikatoka milango ya mbao ya kufunika dirisha kwa ndani, imekunjwa humo miaka yote hiyo. Sasa jioni naifunga natia komeo, chumba kinatulia kabisa. Nyota tatu. Ukienda kuangalia nyumba za hivi, kabla hujaongelea kodi gonga hizo mbao kwanza.