Kelele zinapita juu ya dari: ununue nini kwanza

Wengi tukisikia redio ya jirani tunaulaumu ukuta. Mi nilishataka kujenga ukuta wa pili kabisa, mpaka siku nilipofungua mfuniko wa dari nikapanda na tochi nikakuta ukuta wetu umeishia kwenye lenta (ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha), kuanzia hapo ni kenchi na bati tu mpaka chumba cha mwisho, na mwanga wa taa ya jirani unachungulia kwenye tundu la waya. Kumbe sauti haipasui tofali, inapanda kwake inashukia kwangu! Kwa hizi nyumba za vyumba vya mstari chini ya bati moja, mi napanga hivi.

Namba 1 ni silikoni na raba ya mlango. Usiidharau kwa udogo wa bei, manake uwazi ukifika asilimia 1 tu ya ukuta, basi huo ukuta hata uwe mnene vipi utaishia kupunguza kama desibeli 20 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), zaidi ya hapo unapoteza hela. Ziba matundu ya waya, pembe ambazo jipsamu ya dari inakutana na ukuta, na kingo za soketi zilizopigwa mgongo kwa mgongo na za jirani (zima meni swichi kwanza jamani). Raba ya mlango chukua inayogusa sakafu kabisa.

Namba 2, tofali. Hii ndo dawa yenyewe, nyumba ingekuwa yangu ningeiweka juu, ila mpangaji lazima uongee na mwenye nyumba. Unapandisha kozi (mistari ya tofali) kutoka kwenye lenta mpaka chini ya bati, na mwambie fundi apige plasta hata huko juu ambako hakuna anayeona, atakwambia "huku wa nini bosi", mkatalie, manake tofali za mchanga zisizo na plasta zina vitundu kibao. Yale mawimbi ya bati yanayobaki wazi yajaze sufi ya mawe (rockwool, nyuzi za mawe zilizo kama pamba), ukiyaacha umejenga bure.

Namba 3 ni hiyo hiyo sufi ya mawe au ya kioo, unaitandaza juu ya jipsamu. Peke yake inasaidia kiasi, ila ikikutana na namba 2 utaisikia tofauti, na mvua ya kwenye bati nayo inapoa. Vaa glavu na maski, inawasha kinoma. Wakikuuzia yale maboksi meupe mepesi ya kufungia TV eti yanazuia sauti, kataa. Kuzuia kunataka uzito.

Namba 4, jipsamu ya pili darini, ya milimita 12 siyo 9, na viungo visipangane na vya bodi ya kwanza. Kenchi zenyewe zibebe lakini, muulize fundi.

Foamu za studio na trei za mayai sijazipa hata namba. Zinapunguza mwangwi wa chumbani kwako tu, jirani utamsikia vilevile, tena labda vizuri zaidi.

Besi ya sabufa nayo ni kesi tofauti, inatembea kwenye sakafu na ukuta wenyewe. Hapo kifaa kinakaa kwa jirani siyo kwako, kipande cha raba nene chini ya spika. Mi nilimnunulia nikampelekea na soda.